Kununua lori ama trela ya farasi iliyotumika: maswali mnayoniuliza kila wiki

Kabla sijaanza, mimi si injinia. Nilianza kama saisi, kutoa samadi na kupiga farasi brashi kwa mabanda huko Karen, halafu nikafundishwa kuendesha lori ya farasi na nikaendesha miaka mingi, Jumapili ni Ngong Racecourse, msimu wa polo ni Gilgil, saa zingine mpaka Timau. Siku hizi watu wananiita niwaangalizie gari kabla hawajatoa pesa, na maswali ni yale yale, basi nimeyaandika hapa mtu asome kwanza halafu ndio apige simu.

Nikifika kwa muuzaji nianzie wapi?

Chini. Sio injini, sio rangi, sio ile picha ya farasi anaruka imechorwa ubavuni. Vaa ovaroli ama ubebe gunia la kulalia, tochi, bisibisi ndefu na nyundo ndogo, uingie chini ya gari hata kabla chai haijaletwa. Gari ya kawaida ikiharibika inakuacha kando ya barabara, unakasirika, unaita fundi, yameisha. Hii ikiharibika sakafu kuna mnyama wa kilo 450 ama 500 amesimama juu yake kwa kwato nne zenye vyuma, anaogopa, na huwezi kumwambia atulie asisogee.

Ukiwa chini angalia vyuma vinavyokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine kubeba sakafu. Kutu ya juu juu ni kawaida, hata yangu inayo. Kutu ya kubanduka kama maganda ya kitunguu, hiyo gonga na nyundo uone inaangusha nini usoni mwako. Halafu uliza farasi husimama wakiangalia wapi, sababu utataka kujua mkojo huangukia wapi: jike hukojoa nyuma ya miguu yake, dume huangusha katikati chini ya tumbo. Hapo ndipo pameoza kama pataoza. Na kwa zile nimefungua mimi, upande wa kushoto huwa mbaya zaidi, nafikiri ni vile barabara zetu zinainamia kushoto na kila kitu kinatiririka huko.

Muuzaji anasema sakafu ni mpya na ameweka raba mpya juu. Bado niinue?

Sasa hapo ndio uinue kabisa. Raba mpya kwa gari kuukuu mimi huniamsha usingizini. Zile raba ni nzito, zingine zinataka watu wawili, na muuzaji anajua mnunuzi amekuja na viatu safi hatajisumbua. Mwambie mtainua pamoja. Akisema zimegundishwa na gluu, muulize mbona, sababu raba iliyogundishwa haiwezi kutolewa ikaoshwa chini, maji na mkojo vinapita pembeni vinakaa hapo miezi.

Ikishainuliwa, kwa mbao chukua bisibisi uchome, usiogope, mbao nzima haitaumia. Choma miisho ya mbao pale zinapokalia chuma, choma pembeni kwa ukuta, choma pale rampu (ule mlango mkubwa unaoshushwa farasi apandie) inaanzia. Mbao nzima inakataa, inarudisha mkono. Iliyooza inapokea bisibisi kama avokado. Halafu gonga na nyundo kila hatua moja, nzima inalia ko ko, iliyooza inasema bu bu, hata mtoto atasikia tofauti.

Angalia pia ni mbao gani. Nimekuta sakafu ya plaiwudi ile ya kumwagia zege imepakwa rangi nyeusi, muuzaji anaita ya kisasa. Plaiwudi maji yakiingia kati ya tabaka zake inafura na kuachana, juu unaona sawa kabisa.

Sakafu ya alumini si haiozi?

Haiozi kama mbao lakini inaliwa. Mkojo ukikaa juu yake unaacha unga mweupe na vishimo vidogo vidogo, na pale alumini inalala juu ya chuma na unyevu uko katikati inaliwa haraka zaidi, huwezi kuona ukiwa juu. Piga magoti, sugua ule unga na brashi ya waya uone chini yake alumini bado ni nene ama imebaki kama karatasi. Pitisha kidole. Ukisimama na kisigino ukisukuma na sakafu inabonyea kidogo, hiyo gari usilipe hata deposit.

Imewahi kukutokea wewe?

Imewahi, na ndio maana naongea hivi. Lori haikuwa yangu, ilikuwa ya tajiri mmoja aliyenunua kwa haraka kabla ya mashindano, mimi nilikuwa dereva, sikuulizwa na sikuuliza. Tulikuwa tunapanda kutoka Naivasha kurudi Nairobi, farasi wanne, nikasikia teke moja halafu la pili halafu ikawa ni kupiga bila kukoma. Nikasimama. Jike mmoja wa kahawia mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa umepita sakafu mpaka juu ya goti la nyuma, na chini ni lami. Bahati nilikuwa mwendo wa mlima, gia ya chini. Tulikata mbao na panga ya mkulima wa hapo karibu kumtoa, saisi mwenzangu amemshika kichwa anamwimbia, na aliishi, lakini hakukimbia tena. Ile mbao nilikaa nayo kwa nyumba muda mrefu, ukiifinya ilikuwa inatoa maji.

Juu yake kulikuwa na raba mpya.

Rampu ni mlango tu, kuna nini cha kuangalia?

Rampu inaumiza watu, sio farasi tu. Ile kubwa ya nyuma ni nzito, inashikiliwa na springi ama mitungi ya gesi, na springi ikiwa imechoka ama imekatika rampu yote inakuangukia. Simama kando, sio mbele yake kamwe, mwambie muuzaji aifungue mwenyewe. Mtu mmoja wa kawaida anafaa kuishusha na kuipandisha bila kuguna sana. Ikidondoka puu ama ikihitaji wanaume watatu, springi zimekwisha. Na usifungue springi ya rampu na spana za nyumbani, ile kitu imebeba nguvu, nimeona mtu amevunjwa mkono.

Angalia bawaba na pini zake kama zimelika, angalia kama wameweka nati ya kawaida badala ya pini. Rampu nyingi ndani ni mbao iliyofunikwa raba, na mbao hiyo inaoza kama ya sakafu, ikanyage katikati ukiruka kidogo. Vile vipande vya kuzuia kuteleza viwe vyote vipo, vimeshikwa vizuri, na misumari isiwe imetokeza. Pembe yake pia, rampu iliyosimama kama ngazi farasi atakataa kupanda na hutamlaumu.

Na ndani, zile vizuizi na vyuma?

Ingia ndani uwe farasi. Naongea ukweli, simama pale atasimama, geuza kichwa, rudi nyuma, sugua mabega kwa ukuta, na pitisha mkono kila mahali kwa urefu wa jicho lake na kwa urefu wa magoti. Unatafuta ncha ya bati, msumari, rivet iliyong'oka, kulabu iliyoachwa wazi. Mimi huvaa sweta nzee ya sufu, ikinasa mahali popote najua ngozi pia itanasa.

Bomba la mbele ya kifua ndilo la kuangalia sana kwa trela. Farasi akishtuka anaweza kurusha miguu ya mbele juu yake akabaki ananing'inia, na hapo hakuna kumwinua, ni lazima bomba lifunguke likiwa na uzito wake juu. Zile nzuri zina pini ya kuvuta ukiwa nje. Mwambie mtu aivute wewe ukiwa umekalia bomba, sio ukiwa umelishika kwa mkono. Vizuizi vya katikati vivyo hivyo. Kizuizi kisifike mpaka chini kabisa, sababu farasi husawazika kwa kupanua miguu, ukimbana miguu ataanguka kila kona.

Urefu: farasi wa handi 16 (handi ni kipimo cha urefu wa farasi) ni kama sentimita 163 kufika begani, na kichwa kinakuja juu ya hapo. Kwa farasi mkubwa chini ya futi 7 ndani mimi sichukui, hata ikiwa bei poa. Na mlango mdogo wa saisi ufunguke kutoka ndani. Nimekuta ule mlango umefungwa na waya wa nje, sasa nikiwa ndani na farasi amekasirika nitapitia wapi?

Lori hii ilikuwa ya kubeba maziwa ikageuzwa. Ni mbaya?

Sio lazima. Lori nyingi za farasi hapa zilizaliwa Isuzu ama Canter ya mizigo halafu fundi akajenga bodi. Shida ni vile imejengwa. Farasi ni mzigo ulio juu na unaohama, ukipiga kona anaegemea, ukifunga breki wanne wote wanakuja mbele. Angalia bodi imeshikwa kwa chasi na yubolti za kutosha ama imechomelewa tu moja kwa moja, chasi iliyochomelewa ovyo inapasuka hapo hapo pembeni ya weldi. Angalia kama chasi imerefushwa, utaona mahali imeungwa. Kuta za bati peke yake hazitoshi, farasi akipiga teke anatoboa, lazima kuwe na mbao ama raba nene ndani mpaka urefu wa kiuno.

Uzito nitajuaje inabeba ngapi?

Usihesabu nafasi, hesabu kilo. Watu wanaona nafasi tatu wanasema ni ya farasi watatu. Pale Uingereza kuna magari mengi madogo ya tani 3.5 yametengenezwa kukaa ndani ya kiwango cha laiseni ya gari ya kawaida, na ukitoa uzito wa gari lenyewe, dizeli, dereva, matandiko na maji, kuna zingine hazibaki na uwezo wa kubeba farasi wawili wakubwa hata kama nafasi ziko mbili. Kwa hivyo peleka gari tupu kwa mizani yoyote ya binafsi, ya kokoto ama ya nafaka, upate uzito wake wa kweli, utoe kwa ile namba ya uzito wote iliyo kwa plate ya gari. Kinachobaki ndicho chako. Afadhali ujue hapo kuliko ujulie mizani ya Gilgil ukiwa na farasi wanatoka jasho kwa foleni.

Kwa trela hesabu pia gari ya kuvuta. Trela ya farasi wawili yenyewe inakaribia tani moja, farasi wawili tani moja nyingine, tayari ni tani mbili na nyasi hujaweka. Hiyo sio kazi ya Subaru Forester, jamani, hata kama ilivuta ikiwa tupu pale kwa parking.

Tairi ziko na meno mazuri, niache hizo?

Trela ya farasi inasimama kuliko inavyotembea, tairi zinazeeka na meno yake yote. Tafuta ile namba ya tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia ubavu kama kuna nyufa, hata nyembamba za nywele, hasa upande unaopigwa jua. Mimi ikipita miaka 6 naanza kuangalia kwa jicho baya, ikipita 10 haijadiliwi. Na spea vilevile, spea ndiyo huwa nzee kuliko zote. Hesabu tairi mpya kwa bei unapobageni.

Breki nitajaribu vipi na sina pahali?

Tafuta pahali. Lori ambayo itashuka Mai Mahiu na farasi huwezi kuinunua kwa kuzunguka nayo kiwanja. Iendeshe tambarare kwanza, kama kilomita 30 kwa saa, funga breki taratibu ukiwa umelegeza usukani kidogo uone inavuta wapi. Halafu mteremko. Eksosi breki (ile inayobana moshi wa injini kupunguza mwendo) ifanye kazi, watu huiona kama pambo, ndiyo itakuokoa pale chini. Kama ni breki za upepo, jaza mitungi, zima injini, kanyaga pedali ushikilie na usikilize, ukisikia ssss inavuja. Fungua kile kibomba cha chini cha mtungi, kikitoa maji mengi mwenye gari hajawahi kukifungua, na kama hajafanya hiyo kazi ya sekunde tano hajafanya zile zingine.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Moja likiwa moto kuliko wenzake kuna breki inashika ama bearing imekufa.

Kwa trela, breki yake inafanya kazi kwa kusukumwa: gari ikipunguza, trela inasukuma ule mkono wa mbele. Usukume kwa mwili wako, unafaa kuingia kwa ugumu na kurudi polepole, ukiingia laini kama droo, damper (ile shokabsoba ya ndani yake) imekwisha. Vuta handbreki ujaribu kuisukuma. Angalia ule waya mwembamba wa dharura, kazi yake ni kuvuta breki trela ikikatika, nimekuta umefungwa kwa kamba ya kiatu. Na kile kikombe kinachokalia mpira wa chuma wa gari, ukishafunga jaribu kukiinua, kikicheza kimelika.

Taa?

Unganisha na gari unayovutia wewe, sio ya muuzaji. Ukiwasha indiketa na taa ya breki inapepesa nayo, ni ethi mbaya (waya wa kurudisha umeme kwa bodi), sio shida kubwa. Waya zilizotafunwa na panya ni kubwa kidogo, na nyingi hizi zimekaa chini ya mti miaka. Nikikumbuka, kabla hujafungua gari iliyokaa gonga ukuta usikilize. Trela moja Lang'ata tulifungua tukakuta nyuki ndani ya kizuizi cha katikati, kile kiko wazi ndani, tulikimbia na muuzaji pamoja kama ndugu.

Hewa inahusu usalama kweli?

Sana, na hakuna anayeuliza. Farasi wakisafiri mbali na vichwa vimefungwa juu, hewa mbaya, vumbi la nyasi, wanaweza kushuka na ugonjwa wa mapafu siku moja mbili baadaye, na mwenye farasi analaumu saisi. Madirisha yafunguke pande zote mbili na yasiwe yamekwama kwa rangi. Halafu fanya hivi: ingia nyuma wewe, funga rampu, mwambie dereva azunguke polepole ndani ya kiwanja dakika kumi madirisha yakiwa wazi. Ukitoka na kichwa kinauma, eksosi inaingiza moshi. Usingoje pua ikuambie, sababu gesi ya sumu iliyo kwa moshi haina harufu. Kamba ya kichwa pia angalia inafungwa wapi, mimi huweka kipande cha katani kwa pete kwanza, kikatike farasi akianguka.

Karatasi?

Fanya searchi ya namba kwa eCitizen upande wa NTSA, ulinganishe jina, namba ya chasi uliyoisoma kwa chuma na macho yako, na aina ya bodi. Trela nayo ina namba yake na logbuku yake, usikubali "hii inatumia namba ya gari". Kama jina la benki limo, huenda deni bado limo. Ukiweka bima waambie wazi utabeba farasi, usiwaache waandike mizigo tu.

Imepita inspeksheni mwezi jana, si inatosha?

Ni vizuri, chukua hiyo karatasi. Lakini ule ukaguzi unaangalia gari kama gari, breki, taa, stiaringi. Mkaguzi hatainua raba yako.

Muuzaji amekataa nilale chini ya gari. Anasema namharibia muda.

Mshukuru, mwage chai, nenda nyumbani.

Pesa yangu ni kidogo, kasoro gani naweza kuvumilia?

Rangi mbaya, taa, tairi nzee, dirisha limekwama, raba zilizochanika, hata sakafu ya mbao iliyooza kama vyuma vya chini ni vizima, sababu mbao unabadilisha wikendi moja na fundi mzuri wa mbao. Lakini ipigie hesabu kwanza halafu uitoe kwa bei, sio baada. Kitu siwezi ni chasi iliyopasuka, vyuma vya sakafu vilivyoliwa, na gari imewahi kupinduka ikanyooshwa. Hiyo ya mwisho utaijua kwa umbo la bodi: isimamie nyuma mbali kidogo uone kama sanduku ni mraba ama limeegama.

Nimeshanunua, nimesoma hii leo, na Jumapili nina safari.

Usipakie bado. Leo jioni inua raba zote, zisimamishe kwa ukuta, mwaga maji, fagia, acha rampu wazi mpaka asubuhi ikauke. Kesho mchana kukiwa na mwanga ingia na bisibisi. Anzia kona ya nyuma kushoto.